Mjomba Breki na Gadi Mpya

Watu wengi pale mjini walimjua kwa jina la Breki, na wengine waliamini kabisa kwamba ndilo alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la mafunzo lilikuwa dogo, jeupe, lenye herufi nyekundu mbele na nyuma, na upande wa abiria, pale ambapo watu wengine huweka miguu na vikapu vya sokoni, kulikuwa na breki ya pili. Hiyo ilikuwa ya kwake. Miaka yote ya kazi alikaa upande huo, mikono mapajani, mguu juu ya ile breki, akiwasikiliza watu wakimweleza jinsi walivyozaliwa na kipaji cha kuendesha.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene na sauti isiyopanda wala kushuka. Mwanafunzi akipita taa nyekundu alisema, "Ile ilikuwa nyekundu." Akigonga ukuta alisema, "Tumefika." Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, alipenda kusimulia kwamba siku aliyokuja kumposa, yeye alidhani ni mtu aliyepotea anauliza njia.

Jioni, akishaegesha gari, Breki alikwenda kwenye ukumbi wa bati uliokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate. Huko alikuwa kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Ujanani alikuwa amechezea timu ya wanaume ya klabu hiyo hiyo. Aliingia kikosini kwa sababu gadi aliyekuwapo aliugua surua, na akadumu miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumtoa. Hakuwahi kusifiwa na hakuwahi kuzomewa. Alipostaafu, katibu wa klabu alimtumia barua ya kumshukuru, na ndani yake akakosea jina.

Mwenye kiwanda cha mikate ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa klabu. Alikuwa mtu mkarimu, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kulia, na mwepesi zaidi wa kuamini. Kocha Mkuu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwanamke mrefu mwenye filimbi mbili shingoni, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ya pili ni ya nini. Watatu hao walielewana vizuri mpaka mwaka ule walipoondokewa na gadi wao.

Gadi ndiye anayepandisha mpira kutoka nyuma, akaamua nani apewe, lini na wapi. Timu isiyo na gadi ni kama nyumba yenye vitanda vizuri isiyo na mlango. Gadi wao alihamishwa kikazi mji mwingine, na nafasi za usajili wa ligi zilikuwa zimejaa zote isipokuwa moja. Waliobaki kuigombea walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Shangazi, muuza vipuri vya magari, mchezaji wa siku nyingi ambaye kila mechi alifunga magoti bandeji kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Wa pili alikuwa mpwa wake Breki, binti wa dada yake, msichana mwembamba aliyefanya kazi kwenye duka la fotokopi. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu alipenya.

Breki mwenyewe ndiye aliyemleta. Alimwona siku moja akicheza na vijana kwenye uwanja wa saruji karibu na kwao, akamtazama kwa muda, akamwambia, "Njoo mazoezini." Kwa mtu kama Breki, hiyo ilikuwa hotuba. Dada yake aliposikia alipiga vigelegele hadi jikoni kwake kukanyamaza. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na masufuria.

Kocha Mkuu aliamua kwamba kabla ya usajili kufungwa kutakuwa na mechi tatu za kirafiki, na kwamba humo ndimo watakamomjua Sindano ni nani. Breki aliuliza kama mechi tatu zinatosha kumjua mtu. Kocha akamjibu kwamba yeye humjua mwanafunzi wake kwa mtihani mmoja.  Wakati huo Breki alikuwa akimfundisha karani mmoja wa benki ambaye siku ya kwanza aliendesha kama aliyezaliwa kwenye usukani, akakata kona, akarudi kinyumenyume, akaegesha kati ya malori mawili. Wiki ya pili karani yule yule aliangusha pipa la takataka, akalirudia, akaliangusha tena.

Mechi ya kwanza ilichezwa nyumbani, dhidi ya chuo cha ualimu, na ukumbi ulijaa. Sindano alianza kwa woga kidogo, akagusa mpira mara mbili tatu, kisha kitu kikamfunguka. Akawa anapita katikati yao kama maji kwenye ungo. Alifunga kwa mbali, akafunga chini ya kikapu, akatoa pasi bila kutazama, na watu wakaanza kulitaja jina la Sindano kwa pamoja, wakigonga bati za ukuta. Wafanyakazi wa zamu walitoka kiwandani na aproni zao kuja kuona. Mwenyekiti alilia. Alilia waziwazi, akajifuta kwa tai, na filimbi ya mwisho ilipopigwa akaja moja kwa moja hadi benchi.

"Nyota njema huonekana asubuhi," akasema.

"Na mbaya huonekana saa ngapi?" akauliza Breki.

Mwenyekiti alicheka, akampiga begani, akasema siku nyingine aache breki nyumbani. Breki hakuwa na nia ya kumharibia mtu furaha. Alikuwa ameona tu kwamba magadi wa chuo wote walikuwa chumba cha mtihani siku hiyo, na kwamba aliyekuwa akimkaba Sindano alikuwa mrusha mkuki wa chuo, aliyeombwa aje kusaidia na ambaye muda mwingi alikuwa akiomba radhi. Aliona pia kwamba mpwa wake alipita kulia kila safari. Kushoto hakwenda hata kwa bahati mbaya. Aliyasema hayo kwa Kocha Mkuu, na Kocha akayaafiki, ila ukumbi ulikuwa na kelele na Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

Alikuwa amekwenda kwa fundi anayechora vibao vya maduka. Baada ya siku chache gari kubwa la kusambaza mikate lilitoka gereji likiwa na picha ya Sindano ubavuni, ameruka juu, mkono mmoja mpira, mkono wa pili mkate, na chini yake maneno MKATE WA MABINGWA. Fundi alikuwa hodari wa mikono na miguu, lakini masikio yalimshinda. Hata hivyo kila mtu alimtambua. Watu walikuja kwenye duka la fotokopi kutoa nakala za vyeti ambavyo hawakuvihitaji, wapate kumwona. Mwenye duka alimnunulia kiti chenye mgongo.

Dada mtu alimpigia simu Breki. Alianza kwa furaha, akamaliza kwa shauri. Alikuwa amesikia kwamba mji mzima unamsifu mtoto isipokuwa mjomba wake wa damu, ambaye amenuna kwenye benchi kama aliyeletewa msiba. Breki alisema hakununa, ile ndiyo sura yake. Dada akasema sura anaijua, wamelelewa pamoja, anachotaka ni neno moja tu la sifa. Breki akafikiri, akasema mtoto anakimbia vizuri. Simu ikakatwa, na mpaka leo haijulikani kama ni mtandao.

Mkewe alikuwa akisikiliza huku akipitisha uzi kwenye tundu la sindano ya cherehani. Alimwambia kwamba hata yeye hajawahi kusikia neno hilo moja, na ana miaka chungu nzima akilisubiri. Breki akasema chakula kilikuwa kizuri. Mkewe akamwambia hawajala bado.

Mechi ya pili ilikuwa ugenini, kwa askari wa magereza. Mcheza kwao hutunzwa, na ugenini pia hutunzwa, ila kwa namna nyingine. Wale askari walikuwa wanawake wa shoka. Walikuwa na taarifa zote, kwani gari la mikate lilipita langoni kwao kila asubuhi. Mara tu Sindano alipopokea mpira, wawili walimjia pamoja, mmoja akamfungia upande wa kulia, mwingine akasimama akimngoja ajaribu kushoto. Hakujaribu. Alipoteza mpira. Akapewa tena, akaupoteza tena. Katika robo ya pili alidunda mpira juu ya mguu wake mwenyewe ukatoka nje. Katika ya tatu alitoa pasi nzuri sana, yenye nguvu na shabaha, kwa refa. Pointi yake moja ya siku hiyo ilikuwa ya mtupo huru, uliozunguka juu ya ringi kama unaotafakari kabla ya kuingia.

Mashabiki walikuwa wamesafirishwa na lile gari la mikate, na lilikuwa limeegeshwa pale pale nje ya ukumbi. Wakati wa kuondoka, askari watatu walijipanga mbele ya ile picha wakapiga saluti. Hawakucheka. Hilo ndilo lililouma zaidi.

Njiani Mwenyekiti alisema asifuye mvua imemnyea, na kwamba anaanza kuona Shangazi alikuwa na faida zake. Breki alikaa karibu na dirisha. Alikuwa amechukizwa na jambo moja na amefurahishwa na jingine, na yote mawili hayakuonekana usoni. Lililomchukiza ni ule mkono wa kushoto, uliokuwa ukining'inia kama wa mtu mwingine. Lililomfurahisha ni kwamba kila alipopoteza mpira, Sindano aligeuka na kukimbia kurudi kuzuia. Wachezaji wengi wakipokonywa husimama kuutazama mpira kama mtu aliyeachwa na basi. Huyu alikimbia hata pale ambapo kukimbia hakukuwa na maana tena.

Siku iliyofuata, mchana, Breki alipita kwenye duka la fotokopi. Mashine ilikuwa imemeza karatasi, na Sindano alikuwa ameifungua ubavu, vidole vyeusi kwa wino. Hakukuwa na watu waliokuja kumtazama. Kile kiti chenye mgongo alikuwa amekikalia mwenye duka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Alimpa leseni yake atoe nakala. Sindano aliichukua, akaiweka juu ya kioo, hakubonyeza.

"Mjomba, niambie kweli. Mimi nafaa, au sifai?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyeniambia nije."

"Ndiyo."

"Mechi ya kwanza kila mtu alisema nafaa. Jana kila mtu kasema sifai. Wewe ndiye umecheza nafasi hii, na wewe unasema hujui." Sauti yake ilianza kukatika, akajishughulisha na kufuta vidole. "Bora nisiende tena. Nikae na karatasi zangu."

Mwanamume mmoja aliingia akataka nakala za pande mbili, akaambiwa mashine ni mbovu, akasimama kungoja na kusikiliza. Breki aliona hana budi kuyasema mbele yake.

"Ningejua hufai, ningekuambia ukae na karatasi zako," alisema. "Ningejua unafaa, ningekuambia pia. Sijui. Kwa hiyo nataka uje, nijue."

Sindano aliufunga ubavu wa mashine. Halafu akabonyeza, na mashine, iliyokuwa imekataa kazi asubuhi nzima, ikatoa nakala ya leseni, imepinda kidogo. Yule mwanamume akasema kwamba kwa maoni yake mkono wa kushoto ndio tatizo. Baadaye Breki alikiri kwa mkewe kwamba mtu yule alisema kweli.

Mechi ya tatu ilikuwa nyumbani, na wauguzi wa hospitali. Ilitegemewa kuamua yote. Mvua kubwa ilianza kabla ya robo ya kwanza kwisha, bati likavuja kama chujio, na upande mmoja wa uwanja ukawa haukanyagiki. Wakajaribu kuendelea kwa nusu uwanja. Wauguzi walicheza kwa tahadhari, wakijua vizuri kuliko wengine nini hutokea mtu akivunjika. Sindano alicheza kidogo: pasi mbili za mkono wa kushoto, moja ikamfikia mwenzake kifuani na nyingine ikampata mama mmoja aliyekuja na mwavuli. Kisha mechi ikavunjwa.

Kilichobaki kichwani mwa Breki siku hiyo kilitokea kwenye benchi. Sindano alikuwa ameinama karibu na Shangazi, mtu ambaye wanagombea nafasi moja, akimwuliza jambo kwa makini, na Shangazi akawa anamweleza, akionyesha kwa kidole, huku na kule, kama anayechora njia hewani. Breki aliyatazama hayo kwa muda. Akajiambia kwamba mchezaji anayeweza kumwuliza mpinzani wake njia ya kupita, huyo ana kitu.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya kiwanda, penye joto na harufu ya hamira, kuta zikitikisika kwa mashine ya kukanda unga. Walikuwepo Mwenyekiti, Kocha Mkuu, Breki, na mweka hazina, aliyekuwa pia msimamizi wa magari ya kiwanda. Mwenyekiti alimtaka Shangazi. Alisema yeye si mtu wa kubadilika badilika, lakini amebadilika. Kocha Mkuu alisema hesabu zake zinamkataa: mechi moja nzuri mno, moja mbaya mno, ya tatu imenyeshewa. Wakamgeukia Breki.

"Wewe ni mjomba wake na ni gadi," akasema Mwenyekiti. "Tuambie. Huyu mtoto atakuwa mchezaji?"

"Sijui."

"Tumekuweka pale ujue."

"Mmeniweka nitazame. Nimetazama." Kisha akatoa alichokuwa nacho. "Anakimbia kurudi. Na nilimwona akimwuliza Shangazi jinsi ya kucheza. Ndiyo hayo."

Mwenyekiti alisema hayo ni machache. Breki akakubali kwamba ni machache. Wakakaa. Mashine ikakanda. Kisha mweka hazina, ambaye hakuupenda mchezo huo na alikuwapo kwa sababu ya wadhifa tu, akasema kuna jambo moja angependa lijulikane kabla ya kupiga kura. Rangi iliyotumika kwenye gari ni ya mafuta. Amemwuliza fundi, na fundi amesema kuifuta si kazi ya kitambaa, ni kukwangua hadi kwenye bati na kupaka upya, na gari litalala gereji wiki nzima. Na mikate, akasema mweka hazina, haina miguu.

 Halafu Mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba vijana nao wanahitaji kupewa nafasi.

Hivyo ndivyo Sindano alivyosajiliwa.

Kazi ya kumwarifu Shangazi ilimwangukia Breki, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Alikwenda dukani kwake, kwenye rafu zilizojaa mikanda na plagi na vichujio vya mafuta, akanunua balbu ya taa ya nyuma ambayo hakuihitaji, na wakati Shangazi anaifunga kwenye gazeti akamwambia.

"Nilijua," akasema Shangazi. "Sura yangu haiko kwenye gari."

Breki alimwambia pole, na kwamba hatasahau jinsi alivyomfundisha yule mtoto siku ya mvua, mbele ya macho yake, hali akijua wanagombea nafasi moja.

"Kumfundisha nini?"

"Kwenye benchi. Alikuwa anakuuliza."

Shangazi alifikiri, bandeji zikichungulia chini ya sketi. "Aliniuliza viatu vyangu nilinunua wapi. Nikamwelekeza. Ushuke barabara ya benki, upinde kwa muuza magodoro."

Breki alichukua balbu yake akatoka. Alikaa ndani ya gari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alijikuta amekaa upande wa abiria bila mtu kwenye usukani. Alikuwa amelipeleka jambo lile kikaoni kama shahidi wake mkuu, na shahidi mwenyewe alikuwa viatu. Aliona aibu, aibu ya polepole iliyoanzia masikioni. Jioni alimweleza Kocha Mkuu yote, akidhani ni wajibu wake. Kocha alicheka hadi filimbi zikagongana. Akauliza sasa wafanyeje, wamfute msichana kwa kosa la kutaka viatu? Breki akasema hapana. Lakini usiku huo hakula vizuri, na mkewe, aliyezoea kumsoma kwa kijiko, alijua.

Shangazi hakulia wala hakumsema mtu. Alikwenda kujisajili kwa askari wa magereza, waliokuwa na nafasi moja na waliokuwa wakimheshimu tangu zamani. Na ratiba ya ligi ilipotoka, mechi ya ufunguzi ilikuwa klabu ya Breki na hao hao askari.

Iliyotokea siku ile haikuwa mechi. Shangazi alimkaba Sindano kwa magoti yake yote mawili mabovu, bila haraka, kama mama anayemwogesha mtoto asiyetaka. Alijua atakwenda wapi kabla ya Sindano kujua. Alimpokonya mpira mbele, akampokonya pembeni, na mara moja akampokonya akiwa amegeuka kuzungumza na refa. Hakuna aliyegonga bati. Katika robo ya tatu Kocha Mkuu alisimama na kumwita mchezaji wa akiba avue fulana ya juu.

"Mwache," akasema Breki.

Kocha aligeuka. Katika miaka yao yote pamoja, hakukumbuka siku ambayo Breki alisema mtu aachwe aendelee. "Unasema wewe?"

"Mwache amalize."

Akaachwa akamaliza. Walifungwa vibaya. Mwenyekiti aliagiza gari la mikate lifunikwe turubai, na kwa wiki kadhaa mikate ikawa inasambazwa na gari linalofanana na siri.

Asubuhi ya pili yake dada mtu alifika nyumbani kwa Breki, bado na aproni ya shule, akapita katikati ya sare zilizotundikwa bila kuzigusa. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema watu wa nje walimpandisha mtoto, mtu wa ndani akamwacha adhalilishwe, tena angeweza kumtoa, kocha alishasimama, watu wameona, ni yeye aliyekataa. Alisema mengi. Breki alimsikiliza kama anavyowasikiliza wanafunzi wake, hadi barabara ikaisha.

"Dada, kaa."

"Sikai."

"Ni kweli. Niliweza kumtoa."

"Kwa nini hukumtoa?"

"Hakutazama benchi," akasema Breki. "Mchezaji aliyechoka kuaibika huanza kutazama benchi. Anaomba kwa macho. Nilimngojea robo nzima. Hakutazama hata mara moja." Kisha akakumbuka viatu. "Au labda hakukumbuka benchi liko upande gani. Hilo nalo linawezekana."

Dada yake alimkodolea macho. Kisha, jambo ambalo hakulikusudia, akaanza kucheka, akashika mlango, akacheka hadi machozi, na mke wa Breki akaleta chai. Alipoondoka alisema bado amekasirika, na kwamba yeye hatakanyaga kwenye ukumbi ule, moyo wake hauwezi. Alitimiza neno lake kwa muda mrefu.

Sindano aliendelea kuja. Hakutoa ahadi yoyote wala hakubadilika siku moja. Alianza kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, akatoa nakala kwa mkono wa kushoto, akabeba maboksi ya karatasi kwa mkono wa kushoto mpaka mwenye duka akadhani ameumia wa kulia. Alinunua pia vile viatu. Vilimbana, akavirudisha. Mechi za mwanzo alicheza robo moja, akatolewa, akarudi. Walipokutana tena na askari, Shangazi alimpokonya mara chache tu kuzidi kiwango cha binadamu wa kawaida, na hayo yakawa maendeleo. Msimu wa pili alianza kila mechi. Msimu wa tatu Shangazi alitundika bandeji zake, akawaambia watu wa dukani kwake kwamba yule mtoto sasa anachosha kumkaba.

Hakuwa nyota. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa wapo waliotabiri atakuwa nyota na wapo waliotabiri hatakuwa kitu, na wote walikosea kwa kiasi kilekile. Timu ya taifa haikumwita. Alifunga pointi zake nane, kumi, akatoa pasi zake, akarudi kuzuia, na kesho yake alikuwa dukani saa ya kufungua. Jua na mvua vilikula rangi ya gari polepole, hadi ile picha ikafanana na mtu yeyote, masikio yakiwa ya mwisho kufifia. Watu walipomwuliza Breki kuhusu mpwa wake, alijibu, "Ni gadi." Baadhi waliona ni jibu la kukwepa. Mkewe alisema ni sifa kubwa kuliko aliyowahi kupewa yeye.

Mwaka ule nahodha alipojifungua, wachezaji walimchagua Sindano ashike nafasi yake. Alikataa, wakamchagua tena, akakubali. Alikwenda mwenyewe shuleni kumwambia mama yake, jikoni, katikati ya mvuke, na mama yake akasema vizuri, akaendelea kukoroga. Hakusema kama atakuja.

Alikuja. Breki alimwona kutoka benchi, amevaa gauni la kwenda kwenye harusi, mkoba kifuani, akitafuta pa kukaa. Kwa kuwa hakuwahi kufika hapo na hakutaka kumwuliza mtu, alikwenda kukaa katikati ya mashabiki wa timu ngeni. Timu ya mwanawe ilipofunga alipiga makofi. Wageni walipofunga alipiga makofi pia, kwa kuwa waliomzunguka walipiga na hakutaka kuonekana hana adabu. Breki alifikiria kumtuma mtu amhamishe, kisha akaacha, maana Sindano alikuwa akipandisha mpira kwa mkono wa kushoto na alitaka kuona.

Wakati wa mapumziko alikwenda mwenyewe kumwambia amekaa upande usio wake. Dada alishtuka, akaanza kukusanya mkoba na mtandio. Lakini wale wageni walikuwa wameshamzoea. Walikuwa wamempa karanga na wamemjua mwanawe ni yupi, na mmoja wao, mzee mwenye redio, akamwambia Breki kwamba mama huyu haendi popote, hapa anaona vizuri. Dada mtu akatazama uwanja, akamtazama kaka yake, akakaa tena.

"Niache tu," akasema. "Nitashangilia polepole."